Salio la nyuma

Kwa miaka sita nilitunza stoo ya shule ya bweni. Mahindi, maharage, mafuta ya kupikia, chumvi, sabuni za mche, na mchele wa sikukuu. Kabla hapajapambazuka mpishi mkuu alikuwa ameshafika mlangoni na karai lake, mimi nina mizani na tochi, leja iko wazi juu ya gunia. Tunapima, naandika, anasaini. Mwisho wa mwezi nafunga hesabu kwa mistari ambayo mtunza stoo yeyote anaijua hata ukimwamsha usiku wa manane: salio la nyuma, mapokezi, jumla, matumizi, baki. Na vilivyomo stoo vikikataa kulingana na baki ya kwenye karatasi, kuna mstari mmoja zaidi ambao hakuna anayependa kuuandika. Upungufu.

Mpangilio huo nilifundishwa kwenye semina ya siku tatu, na siku zote nilidhani ulikuja na Wazungu pamoja na mihuri na karatasi za kaboni. Mpaka usiku mmoja, kwenye simu, nikakutana na picha ya kibao cha udongo kutoka Umma, mji wa kale kusini mwa Iraki, na chini yake tafsiri ya mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza ulisema: salio la hesabu iliyopita. Nilikaa kitandani nimeshika simu hadi chaji ikaisha.

Kibao kile ni cha enzi ya ufalme wa tatu wa Uru, uliotawala takriban kuanzia mwaka 2112 hadi 2004 KK. Makarani wa wakati huo walikuwa na neno kwa kila mstari wangu. Salio la nyuma waliliita si'itum. Wakishajumlisha mapokezi waliandika shabita, yaani "kutoka humo", na hapo matumizi yanaanza kushuka moja baada ya jingine mpaka yafungwe kwa neno ziga, "vimetolewa". Kisha karani anatoa hii kwenye ile. Ikizidi ni diri, ziada. Ikipungua ni la'i, upungufu, na la'i ya mwaka huu inafungua ukurasa wa mwaka ujao ikiwa si'itum.

Tangu usiku huo nimesoma vibao vingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote. Viko wazi kwa yeyote mwenye bando. Mradi uitwao CDLI, ulioanzishwa na Robert Englund katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, umeweka mtandaoni kumbukumbu za vibao zaidi ya laki tatu kutoka makumbusho ya nchi nyingi, na kwa vingi utapata picha, nakala ya maandishi na mara nyingine tafsiri. Sijawahi kusimama mbele ya kimoja kwa macho yangu. Nimeviona kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembeni, na vimenitosha kunibadilisha.

Vingi ninavyovipenda vilitoka kwenye nyumba za miungu. Neno tunalotumia kwa nyumba hizo za ibada, hekalu, lenyewe limetoka hukohuko. Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, waliliita jumba la mtawala e-gal, nyumba kubwa. Waakadi, majirani zao, wakalichukua likawa ekallu, likapita kwenye Kiebrania na Kiaramu, likaingia Kiarabu likiwa haykal, likatufikia pwani likiwa hekalu. Kibao cha udongo kwa Kisumeri ni dub. Waakadi wakasema tuppu, Waelami wakapokea, Waajemi wakapata dipi, maandishi, na kutoka hapo likazaliwa diwani, mahali zinapowekwa daftari za serikali. Kwa hiyo diwani wa kata anayekuja kwenye mahafali ya shule, na diwani ya mashairi iliyo kwenye kabati la maktaba, wote wawili wamebeba kipande cha udongo ule kwenye jina. Hata maskini amepita njia hiyo: katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, anaitwa mushkenum, mtu wa kawaida asiye na cheo, na Kiaramu na Kiarabu vikamteremsha zaidi mpaka akawa huyu tunayemjua.

Jambo moja hapa linahitaji kufafanuliwa. Wasumeri wenyewe hawakuwa na neno maalumu la hekalu. Walisema e tu, nyumba, kisha wakaipa jina. Eanna ya Uruk ni Nyumba ya Mbinguni, makao ya mungu wa kike Inanna. Ebabbar ya Sippar ni Nyumba Nyeupe, ya mungu wa jua. Mungu alikuwa na nyumba kama mtu alivyo na nyumba, na nyumba inakula. Ina mashamba, ng'ombe wa kulimia, kondoo, bustani ya vitunguu, wavuvi, wafumaji, wasagaji, wapishi wa pombe, watumwa, yatima. Kila alfajiri mungu anaandaliwa chakula. Kila mwezi waliomtumikia wanapewa posho. Nikiwa mtu wa stoo sikuhitaji kuelezwa zaidi: mahali wanapokula watu mia kadhaa, lazima pawe na mtu mlangoni mwenye kitu cha kuandikia.

Na kuandika kwenyewe kulianzia mlangoni hapo. Uruk, ambao Biblia zetu zinauita Ereku, ndiko vilikotoka vibao vya zamani kuliko vyote vinavyofahamika vya maandishi ya Sumeri, karibu mwaka 3300 KK na karne zilizofuata. Wachimbaji wa Kijerumani walianza kuvifukua kwenye eneo la Eanna mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa jumla vimepatikana kama 5,000, vizima na vipande. Havikuwa vimepangwa kwenye rafu. Vilikuwa kwenye kifusi, vimetupwa pamoja na vigae na majivu, vikatumika kujazia chini ya sakafu za majengo mapya. Hesabu ikishafungwa na kukaguliwa, kibao hakina kazi. Mimi nilikuwa nachoma hati za zamani nyuma ya jiko kila baada ya miaka kadhaa, kwa idhini. Wao walijazia msingi.

Sehemu kubwa ya vibao hivyo ni hesabu za shayiri, pombe, kondoo, nguo, samaki, mashamba. Vilivyobaki ni orodha za maneno ambazo wanafunzi wa ukarani walinakili: orodha ya vyeo, ya miti, ya vyombo. Hakuna sala. Hakuna wimbo. Hakuna hadithi ya mfalme. Watu wengi wakisikia hivyo huona kama wamepunjwa, kwamba chanzo cha maandishi kimekuwa kitu kidogo mno. Mimi nilisikia fahari ambayo siwezi kuificha. Alama ya kula, kwenye vibao hivyo, ni kichwa cha mtu na bakuli mdomoni. Bakuli lenyewe limefukuliwa kwa maelfu, la udongo wa kuchomwa lisilo na urembo, ukingo wake umekatwa mshazari, na wataalamu wengi wanaliona kuwa kipimo cha posho. Yaani mtu wa kwanza aliyetafuta njia ya kuandika "kula" alichora sahani ya mfanyakazi.

Kuna jina moja linalojirudia kwenye vibao kadhaa vya zama hizo, linalosomwa Kushim. Kibao kimoja maarufu kinaonyesha vipimo 29,086 vya shayiri katika miezi 37, na chini alama za Kushim. Huenda ni mtu, huenda ni cheo cha ofisi. Alihusika na shayiri ya kupikia pombe. Kama alikuwa mtu, basi ni miongoni mwa majina ya kwanza kabisa ya binadamu kuandikwa, na liliandikwa kwa sababu alikuwa na dhamana ya mali.

Sasa, vipimo. Hapa nilitaabika wiki nzima, na nilipoelewa nilipiga meza. Makarani wa Uruk hawakuwa na namba moja kwa kila kitu. Walikuwa na mifumo zaidi ya kumi, kila mmoja kwa aina yake ya mali. Waliminya mwisho wa tete kwenye udongo laini, ukatoka mviringo mdogo, na mviringo huo thamani yake inategemea unahesabu nini. Ukihesabu kondoo au vyungu, ni kumi. Ukipima shayiri, ni vipimo sita. Ukipima shamba, ni kumi na nane. Alama ni ileile, kidole ni kilekile, kibao ni kilekile.

Anayecheka hilo hajawahi kupokea mzigo. Babu zetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Sisi tunapima kwa sado, kwa debe, kwa gunia, na gunia lenyewe lina lumbesa, lile linaloshonewa kofia juu mpaka linaonekana kama mama mjamzito. Mkulima anauza gunia. Dalali ananunua gunia. Leja inasema kilo. Kati ya gunia na kilo kuna mahali ambapo mtu anaweza kuumia, na mimi niliumia hapo. Nitafika.

Kama ningeruhusiwa kutembelea stoo moja tu ya zamani, ningekwenda Girsu. Mji huo ulikuwa ndani ya dola ndogo ya Lagash, na leo mahali pake panaitwa Tello. Ernest de Sarzec, balozi mdogo wa Ufaransa mjini Basra, alianza kuchimba hapo mwaka 1877, na mwaka 1894 zikatokea maghala ya vibao kama 30,000, vingi vikaporwa na kuuzwa kabla havijaandikishwa. Ndiyo maana hesabu za nyumba moja leo zimetawanyika, kibao cha Januari kiko Paris, cha Februari kiko Istanbul, cha Machi kiko St Petersburg. Nasema miezi ya kwetu ili unielewe. Miezi yao ilikuwa na majina ya sikukuu na kazi za shambani.

Kundi ninalolipenda ni la nyumba ya Bau, mungu wa kike, mke wa Ningirsu, mungu mkuu wa Girsu. Ni vibao kama 1,700 na zaidi, vya miaka kama ishirini tu karibu na 2350 KK. Mwanzoni nyumba hiyo inaandikwa e-munus, nyumba ya mwanamke, kwa maana ya mke wa mtawala, naye ndiye aliyeisimamia. Chini ya mtawala Lugalanda ilikuwa mikononi mwa mkewe Baranamtarra. Baada yake alikuja Urukagina, na mkewe Shasha. Wake hao wawili wanatajwa kila mahali, lakini aliyenivutia ni Eniggal, msimamizi, nubanda. Jina lake linaonekana tena na tena: Eniggal, nubanda, amegawa. Eniggal amepokea. Eniggal ameingiza. Watawala walibadilika, yeye akabaki mlangoni.

Vibao vyake vya posho ya shayiri vinataja watu kwa majina. Mfumaji fulani, kiasi fulani, watoto wake wangapi, kila mtoto kiasi gani. Kuna wapagazi, watunza nguruwe, wanawake wa sufu ya kondoo, wapishi wa pombe. Kuna watu wanaoitwa igi-nu-du, "wasioona", waliopangwa kwenye bustani chini ya mtunza bustani. Wataalamu wanabishana kama walikuwa vipofu kweli au neno lilikuwa la watu wasio na ufundi. Kuna yatima. Mwishoni jumla inafanywa kwa makundi: wa kiasi hiki ni wangapi, wa kiasi kile ni wangapi, jumla kuu ni hii. Ni orodha ya chakula kama ile niliyokuwa nabandika jikoni. Kuna mwanamke aliyefuma sufu ya mungu miaka yake yote, akazaa, akafa, na kitu pekee kilichobaki chake duniani ni jina kwenye mstari wa shayiri. Karani asingekuwa makini siku hiyo, hata hilo lisingekuwepo.

Padre Mjesuiti Anton Deimel alivichambua vibao hivi katika miaka ya 1920 na 1930, akahitimisha kwamba ardhi yote ya Sumeri ilikuwa mali ya mahekalu. Fikra hiyo ilitawala muda mrefu. Baadaye wataalamu Igor Diakonoff na Ignace Gelb wakaonyesha kuwa alikuwa amesoma stoo ya nyumba moja akadhani amesoma nchi nzima. Nje ya kuta hizo kulikuwa na familia na koo zilizomiliki na kuuza mashamba. Nakubaliana nao kwa uzoefu wangu mdogo. Mtu akipata leja zangu peke yake atasema shule yetu haikuwa na vitabu wala walimu, ilikuwa na mahindi na maharage tu.

Urukagina ndiye mtawala aliyeacha maandishi ya kulalamikia maafisa. Kwenye koni za udongo zilizoko Louvre, makumbusho ya Paris, anaeleza hali ilivyokuwa: ng'ombe wa miungu walikuwa wanalima mashamba ya vitunguu ya mtawala, na bustani zake za vitunguu na matango zilikuwa kwenye ardhi bora ya miungu. Aliyekwenda kuzika mtu wake alitozwa mitungi 7 ya pombe na mikate 420. Urukagina anasema ameishusha iwe mitungi 3 na mikate 80. Anasema ameahidiana na Ningirsu kwamba yatima na mjane hawatakabidhiwa kwa mwenye nguvu. Kisha ukitoka kwenye koni ukaenda kwenye vibao vya stoo, unaona e-munus imebadilishwa jina ikawa nyumba ya Bau, mali imerudishwa kwa mungu. Msimamizi ni Eniggal yuleyule. Msimamizi wa juu ni mke wa mtawala, kama zamani. Sitaki kumvunjia heshima Urukagina; kupunguza mikate ya mfiwa si jambo dogo, na waliofiwa walijua tofauti. Ila anayetaka kujua mabadiliko yamefika wapi, aombe leja.

Kuhusu kibao chenyewe. Udongo ulitoka kingo za mito na mifereji, ukachekechwa na kukandwa mpaka usiwe na mawe wala majani, ukafinyangwa kwa kiganja. Kalamu ilikuwa kipande cha tete. Mwanzoni walichora, baadaye wakagundua kuwa kuchora kwenye udongo kunararua, kuminya kunaacha alama safi, na hapo ndipo maandishi yakawa ya kabari. Kibao hakichomwi, kinaanikwa. Kikikosewa kabla ya kukauka kinafutwa kwa kidole. Kikishakauka kinaweza kulowekwa na udongo ukatumika tena. Stakabadhi muhimu ilifungwa ndani ya bahasha, nayo ya udongo, maneno yakarudiwa juu, na mpokeaji akaviringisha muhuri wake wa jiwe. Anayeshuku kuwa mtu amechezea maandishi ya nje avunje, asome ya ndani. Vibao vilivyokamilika viliwekwa kwenye makapu ya matete, na kila kapu likafungiwa kidani cha udongo kwa kamba: kapu la vibao, hesabu za jambo fulani, msimamizi fulani, mwaka fulani. Makapu yameoza zamani. Vidani vipo, na zimebaki alama za kamba.

Mwaka, wakati wa wafalme wa Uru, haukuwa na namba. Ulikuwa na jina. Mwaka ambao nchi za Simurrum na Lullubum ziliangamizwa kwa mara ya tisa, ndivyo unavyoitwa mmoja wa miaka ya mfalme Shulgi. Bibi yangu aliyezaa watoto wanane aliwapanga vivyo hivyo: huyu wa mwaka wa nzige, huyu wa mwaka daraja liliposombwa. Nilipoona miaka ya Shulgi sikuhitaji maelezo.

Na sasa niseme lililonifanya nisome kwa hasira. Wafalme hao wa Uru walipanga kazi kwa ukali ambao Eniggal hakuufikia. Mwanamume mfanyakazi alipewa sila 60 za shayiri kwa mwezi, mwanamke sila 30, na sila moja ni kama lita moja. Kila kazi ilikuwa na kiwango cha siku: unga kiasi gani, udongo wa mfereji kiasi gani, nguo kiasi gani. Kiongozi wa kikundi, tuseme cha wanawake wa kusaga, aliandikiwa siku za kazi za watu wake kama vile mimi nilivyoandikiwa magunia. Hayo ndiyo mapokezi yake. Kisha anaanza kujitetea mstari kwa mstari: unga uliosagwa, umegeuzwa kuwa siku, kuvuta mashua, siku, kuvuna, siku, mapumziko ya wanawake, siku moja katika sita, aliyekufa, kuanzia lini. Mwisho, hesabu. Na karibu kila mara ni la'i. Kiwango kilikuwa juu mno, upungufu unapelekwa mbele, mwaka unaofuata unaanza na deni, linaongezeka mpaka maelfu ya siku. Kiongozi huyo akifa, deni halifi. Mali yake inachukuliwa, na watu wa nyumbani kwake wanapelekwa kufanya kazi.

Mwaka wangu wa nne shule ilinunua mahindi mapema, mara tu baada ya mavuno. Nilipokea magunia 60. Kwenye leja gunia ni kilo 100, basi niliandika kilo 6,000, nikasaini. Niliyatoa kwa mizani, kilo kwa kilo, kila alfajiri. Miezi minne baadaye stoo ilikuwa tupu na leja inasema bado kuna kilo 318. Alikuja mkaguzi. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza nami kwa upole. Akaniambia, "Dada, mimi nasoma kilichoandikwa."

Mpishi mkuu alikuwa amesimama nje ya mlango, kofia mkononi. Alikuwa mzee wa kuweza kunizaa. Aliingia bila kuitwa, akachota punje chache zilizobaki sakafuni, akazitia kinywani, akazivunja kwa meno ili mkaguzi asikie. "Mwanangu," akaniambia mimi, si mkaguzi, "mahindi haya hayakuibwa. Yamekauka."

Alikuwa sahihi. Mahindi mabichi yakikauka stooni hupungua uzito, na kwenye tani sita kilo mia tatu si ajabu. Lakini leja haikuwa na mstari wa maji yaliyorudi hewani. Nilikatwa kwenye mshahara kwa miezi saba. Sikuwahi kuandika popote kwamba kosa halikuwa langu, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuandika.

Ndiyo maana kibao kimoja kutoka Girsu, ambacho si cha hesabu, kimenikaa moyoni kuliko vyote. Kipo Louvre. Kiliandikwa baada ya Lugalzagesi, mtawala wa Umma, kuivamia Lagash wakati wa Urukagina, akachoma na kupora nyumba za miungu. Aliyekiandika alikuwa mtu mwenye uchungu mkubwa, na alitaka kulia kwa maandishi wakati ambapo maombolezo yaliyoandikwa yalikuwa bado machache sana duniani. Akalia kwa namna aliyoijua. Aliandika orodha. Mtu wa Umma ametia moto nyumba hii. Ametia moto nyumba ile, amechukua fedha yake na mawe yake ya thamani. Ameingia nyumba ile nyingine, amemwaga damu. Inashuka hivyo, nyumba baada ya nyumba, kama matumizi ya mwezi, mpaka inafika kwenye mashamba ya Ningirsu yaliyokuwa yamelimwa, na shayiri yake imeng'olewa. Karani ameipitisha shayiri ile kwenye hesabu mara ya mwisho.

Kisha anafunga. Anasema mtu wa Umma ametenda dhambi dhidi ya Ningirsu, na mkono uliomgusa utakatwa. Anasema Urukagina, mfalme wa Girsu, hana kosa. Na Lugalzagesi, mtawala wa Umma, mungu wake Nisaba aibebe dhambi hii shingoni.

Nisaba ni mungu wa kike wa nafaka, na pia ni mungu wa kike wa maandishi. Ni mmoja huyohuyo. Jina lake linaandikwa kwa alama ambayo ndani yake mna shayiri, na wanafunzi wa ukarani wa karne za baadaye walimalizia mazoezi yao mengi kwa maneno "Nisaba asifiwe". Karani wa Girsu alijua anachofanya. Alikuwa na upungufu mbele yake, wa mji mzima, na akauandika kwa jina la aliyeusababisha, kisha akaliondoa jina la asiyehusika, na akaiweka hesabu hiyo mbele ya mungu mwenye ghala na mwenye kalamu. Nimekisoma mara nyingi kile kipande kifupi, "hana kosa". Nafikiri juu ya mtu aliyekaa kwenye mji unaonuka moshi, akakanda udongo, akaona hilo nalo liingie.

Makato yangu yalipoisha niliendelea na kazi miaka miwili zaidi. Mahindi yote yaliyofuata niliyapima kwa mizani mlangoni, gunia kwa gunia, na kandokando ya safu ya mapokezi nikaongeza safu nyembamba kwa kalamu ya risasi: mabichi, makavu. Hakuna aliyeniagiza, wala mkaguzi hakuikataza. Siku ya kukabidhi stoo tulipima kila kitu mbele ya mashahidi wawili, mpishi mkuu akiwa mmoja wao. Msichana aliyenipokea alikuwa ametoka chuoni, mwandiko wake mzuri. Akafungua ukurasa mpya, akanitazama, akauliza aanze na nini.

Nikamwambia aandike tarehe, kisha salio la nyuma.